Nishati Safi ya Kupikia na Ruzuku ya Serikali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Katika nyumba nyingi za Tanzania, sehemu kubwa ya nishati haiishii kwenye taa wala kwenye jokofu, bali jikoni, chini ya sufuria ya maharage. Anayetaka nyumba itumie nishati kwa ufanisi zaidi hana budi kuanzia hapo. Majibu yafuatayo yanahusu Tanzania Bara, ambako mipango mingi ya ruzuku inasimamiwa na Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA. Zanzibar ina shirika lake la umeme, ZECO, na taratibu zake.

Kwa nini Serikali ijishughulishe na jiko la mtu binafsi?

Kwa sababu hasara ya jiko hilo haibaki kwa mtu binafsi. Moshi wa kuni na mkaa una chembe ndogo mno zinazoingia hadi ndani kabisa ya mapafu, na wanaouvuta zaidi ni mama anayepika, binti anayemsaidia na mtoto aliyebebwa mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani kote. Kwa Tanzania, takwimu ambazo Serikali imekuwa ikizitaja ni takriban vifo 33,000 kila mwaka.

Upande wa misitu, hesabu ya taifa inayotajwa mara nyingi ni upotevu wa hekta zipatazo 469,000 kwa mwaka. Si zote zinazoondoka kwa ajili ya mkaa, kwani kilimo na ufugaji vina sehemu kubwa, lakini mkaa una mchango wake, na sababu moja ni namna unavyochomwa. Tanuri la kienyeji la udongo huhitaji kati ya kilo 5 na kilo 10 za kuni ili kutoa kilo 1 ya mkaa. Mkaa huohuo ukifika mjini na kuwashwa kwenye jiko la bati la kawaida, kiasi cha moja ya tano tu ya joto lake ndicho kinachoingia kwenye chakula, na joto linalobaki hupotea hewani. Huo ndio upotevu wa nishati ambao nyumba zetu zinaubeba, na kwa maoni yangu umechelewa mno kuitwa kwa jina lake.

Mkakati wa Taifa unasema nini hasa?

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dar es Salaam tarehe 8 Mei 2024. Lengo lake kuu ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, ikilinganishwa na asilimia 6.9 waliohesabiwa mwaka 2021. Siku chache baada ya uzinduzi, tarehe 14 Mei 2024, Rais alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia barani Afrika, ambako ahadi za dola za Marekani bilioni 2.2 zilitolewa kwa ajili ya bara zima.

Nishati zinazokusudiwa ni gesi ya mitungi, umeme, gesi asilia, gesi ya samadi na bioethanoli, yaani spiriti itokanayo na mimea. Mkakati hauchagui moja na kuzitupa nyingine, na hilo ni jambo la busara, kwa sababu kinachomfaa mkazi wa Temeke hakiwezi kumfaa mfugaji wa Longido aliye mbali na wakala wa gesi lakini mwenye zizi la ng'ombe nyuma ya nyumba.

Ni msaada wa aina gani ambao kaya inaweza kuupata?

Unaofahamika zaidi ni mtungi wa gesi wa kilo 6 pamoja na kichomeo chake, unaouzwa kwa ruzuku ya asilimia 50. Katika awamu iliyoanza katika mwaka wa fedha 2024/25, REA ilipanga kusambaza mitungi 452,445 katika wilaya 139 za Tanzania Bara, ambayo ni sawa na mitungi 3,255 kwa kila wilaya. Wilaya yenye watu wengi na yenye watu wachache zilipangiwa kiasi kilekile, hivyo yapo maeneo ambako mitungi iliisha mapema na mengine ambako ilichukua muda kuuzwa.

Msaada wa pili ni majiko banifu, yaani yanayotumia kuni au mkaa kidogo, yanayouzwa kwa ruzuku, nayo kupitia REA. Wa tatu, ambao watu wengi hawauhesabu kuwa msaada wa jikoni, ni umeme wenyewe. Gharama ya kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, ilhali mjini, kwa njia moja isiyohitaji nguzo, ni shilingi 320,960. Tofauti hiyo ni ruzuku. Bei ndogo ya uniti kwa watumiaji wadogo, inayoelezwa hapa chini, nayo ni ruzuku.

Gesi asilia ya bomba imefikishwa na TPDC, shirika la taifa la petroli, katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Aliyepitiwa na bomba hilo ana bahati, lakini kwa sasa hao ni wachache sana.

Nani anastahili kununua mtungi wa ruzuku, na anaupataje?

Mradi umelenga hasa wakazi wa vijijini na wa pembezoni mwa miji. Mnunuzi hutakiwa kuwa na kitambulisho cha taifa cha NIDA, sharti ambalo husaidia kuzuia mtu mmoja kujichukulia mitungi mingi na kwenda kuiuza. Mauzo hufanywa na kampuni za gesi zilizopewa mikataba, mara nyingi katika mikutano ya hadhara au kwenye uwanja wa kijiji, na viongozi wa serikali za vijiji na mitaa hutangaza siku na mahali.

Kwa hiyo njia ya kwanza ya kufuatilia ni ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na ya pili ni ofisi ya mkuu wa wilaya. Uliza maswali matatu: je, mgao wa wilaya yetu bado upo, ni kampuni gani inauza, na siku ya mauzo katika kata yetu ni lini? Asiye na kitambulisho lakini ana namba ya NIDA aulize mapema kama namba inakubalika, kuliko kusubiri foleni nzima ndipo ajue. Msaada huu ni punguzo la bei, kwa hiyo mtu yeyote anayedai fedha ya "kuandikisha jina" kabla ya siku ya mauzo hapaswi kupewa chochote mpaka ofisi ya mtendaji ithibitishe anachokisema.

Fedha za ruzuku zinatoka wapi?

REA iliundwa chini ya Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 na ilianza kazi Oktoba 2007, pamoja na Mfuko wa Nishati Vijijini. Mfuko huo hupokea fedha za bajeti, misaada ya washirika wa maendeleo, na tozo. Chukua risiti yako ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, uisome: juu ya bei ya umeme kuna kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, asilimia 1, na ya REA asilimia 3. Ile asilimia 3 ni mchango wako. Kila anayenunua umeme nchini, awe Kariakoo au Kasulu, amechangia, na kwa sababu hiyo mwananchi anayeulizia mgao wa kata yake asijione anaomba hisani. Anafuatilia fedha ambayo yeye mwenyewe ni mmoja wa wachangiaji wake.

Mtungi wa ruzuku ukiisha, Serikali itanijazia tena?

Hapana. Ruzuku ni ya kununua mtungi mara ya kwanza. Kujaza ni juu ya kaya, kwa bei ya soko. EWURA hutangaza kila mwezi bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, lakini gesi ya kupikia haimo katika orodha hiyo, hivyo bei yake hutofautiana kati ya mkoa na mkoa na hata kati ya mtaa na mtaa.

Mafanikio ya mpango mzima yanaamuliwa hapa, na ningetamani viongozi wanaokabidhi mitungi wangezungumzia jambo hili kwa urefu uleule wanaozungumzia idadi ya mitungi. Mtungi uliokaa mtupu uvunguni mwa kitanda haujaokoa mti wala pafu la mtu. Kaya inayopata kipato cha siku kwa siku inamudu mkaa kwa sababu moja kubwa: mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha ya leo, kwa ajili ya chakula cha leo. Gesi inataka fedha ya mwezi itolewe kwa mkupuo. Hata pale ambapo gesi ni nafuu kwa mwezi mzima, mtu asiyeshika fedha ya mwezi hawezi kuufikia unafuu huo.

Kabla ya kununua mtungi wa ruzuku, jiulize mambo mawili. La kwanza ni je, wakala wa kampuni hiyo yuko umbali gani? Mtungi hubadilishwa kwa urahisi kwa wakala wa kampuni ileile, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni sehemu ya bei ya gesi. La pili ni nitawekaje akiba ya kujaza? Baadhi ya wanawake katika vikundi vya vikoba wameongeza hisa ndogo ya gesi, inayolipwa kila wiki na kutolewa kwa zamu, na utaratibu huo unafanya kazi kwa sababu unaifanya fedha ya mkupuo kuwa fedha ya kidogo kidogo. Dar es Salaam zipo pia huduma za mtungi wenye mita, ambapo mtu hulipia kwa simu gesi ya kiasi anachomudu. Nadhani ruzuku ya mita za namna hiyo ingemfaa maskini wa mjini kuliko ruzuku ya mtungi peke yake.

Nitajuaje kama kwangu gesi ni nafuu kuliko mkaa?

Fanya hesabu kwa bei za mtaani kwako, usitegemee matangazo. Kilo 6 za gesi zina joto la takriban uniti 77 ukilipima kwa kipimo kilekile cha umeme, na kichomeo cha kawaida hupeleka kwenye sufuria zaidi kidogo ya nusu yake, tuseme uniti 40. Kilo moja ya mkaa ina kama uniti 8 za joto, na jiko la kawaida hupeleka kwenye sufuria kama moja ya tano, yaani uniti 1.6. Kwa hiyo mtungi mmoja mdogo hufanya kazi ya kilo 25 za mkaa, ama zaidi kidogo au pungufu kidogo kulingana na jiko na mpishi.

Sasa nunua kopo moja la mkaa unalolinunua kila siku, lipime kwenye mzani wa dukani, upate bei ya kilo moja. Zidisha mara 25. Ukipata fedha inayozidi bei ya kujaza mtungi wa kilo 6, gesi ni nafuu kwako. Tuseme kopo lako lina kilo moja na unalinunua kwa shilingi 1,000: mkaa unaolingana na mtungi mmoja unakugharimu shilingi 25,000. Wakazi wengi wa mijini wakifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza hushangaa, kwa sababu hawajawahi kuupima mkaa wao.

Kijijini, ambako mkaa una bei ya chini na kuni huokotwa bila kulipa, jibu linaweza kuwa kinyume, na si haki kumwambia mwanamke wa huko kwamba gesi itamwokolea fedha. Itakachomwokolea ni muda wa kutafuta kuni, macho na mapafu. Hizo ni sababu za kutosha kwa taifa kutoa ruzuku, lakini hazimlipii wakala wa gesi.

Kupikia umeme si ghali kupindukia?

Imani hii imeenea sana, na kwa vifaa vya zamani ilikuwa na ukweli. Jiko la koili la wati 1,500 likiwaka saa mbili kuchemsha maharage hula uniti 3. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, uniti moja ni shilingi 292, na ukiongeza zile asilimia 22 za kodi na tozo inafika shilingi 356. Ndiyo maana shilingi 1,000 ya LUKU inakupa uniti 2.8. Maharage hayo, basi, yamekula zaidi ya shilingi 1,000.

Jiko la umeme la presha ni jambo jingine kabisa. Chungu chake kimefungwa na kuzungushiwa kizuia joto, mvuke hautoki, na likishafikia shinikizo linalotakiwa hujizima na kujiwasha lenyewe kwa vipindi vifupi. Chungu cha maharage, makande au kwato huiva kwa kawaida kwa chini ya uniti moja. Hata tukihesabu uniti nzima, ni shilingi 356 kwa chakula ambacho kwenye mkaa kingekaa jikoni nusu ya siku. Kwa hesabu ya awali, kazi ya mtungi wa kilo 6, yaani uniti 40 ndani ya sufuria, jiko la namna hii lingeifanya kwa uniti kama 50, ambazo ni karibu shilingi 17,800.

Ushauri wangu kwa kaya yenye umeme ni kugawa kazi. Vyakula vinavyochukua muda mrefu viende kwenye jiko la presha, chai na mboga za haraka viende kwenye gesi. Mtungi uliokuwa ukidumu wiki tatu utadumu zaidi ya mwezi. Kikwazo ni bei ya kununua jiko lenyewe, na hapa ruzuku ya Serikali bado iko nyuma ikilinganishwa na ilivyo kwa gesi. Umeme wa kuliwashia upo: mtambo wa kwanza kati ya tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulianza kuzalisha Februari 2024.

Nipo kwenye bei ya shilingi 100 kwa uniti. Nikianza kupikia umeme nitaondolewa?

Inawezekana, na ni vizuri kulijua hili kabla. Bei ya D1 ni ya wateja wa nyumbani wenye matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Wao hulipa shilingi 100 kwa uniti, yaani shilingi 122 pamoja na kodi na tozo, hivyo shilingi 1,000 huwapa uniti 8.2. Kila uniti inayozidi 75 katika mwezi hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi, na mteja anayezidisha kiwango hicho kwa mazoea huhamishiwa kwenye bei ya kawaida.

Kaya ya D1 yenye taa za LED, runinga na kuchaji simu hutumia pengine uniti 20 au 30. Nafasi inayobaki, uniti 40 na ushee, inatosha kabisa kwa chungu kimoja cha jiko la presha kila siku. Haitoshi kwa jiko la koili la kupikia kila kitu. Lakini nyumba yenye jokofu ipime kwanza matumizi yake kwa mwezi mzima kabla ya kuongeza jiko.

Naliona hili kuwa kasoro katika sera. Mkono mmoja unamhimiza mwananchi apikie umeme, na mwingine unamwadhibu akipika sana. Kiwango cha uniti 75 kiliwekwa kwa kufikiria kaya inayotumia umeme kwa taa, si kwa kaya inayopikia.

Majirani zetu wamefanya nini?

Uganda imejaribu njia inayolijibu tatizo hilo moja kwa moja. Mwaka 2022 ilianzisha bei maalumu ya kupikia, ambapo uniti za kuanzia 81 hadi 150 kwa mwezi zilishushwa hadi shilingi 412 za Uganda, chini ya bei ya kawaida ya nyumbani. Anayepika zaidi analipa kidogo kwa uniti hizo za ziada, badala ya kulipa zaidi.

Kenya imetoa funzo la kodi. Julai 2021 gesi ya kupikia ilirudishiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, mwaka uliofuata ikashushwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikaondolewa. Katika miaka hiyo miwili kaya nyingi zilizoona bei ya mtungi imepanda zilirudi kwenye mkaa, na aliyerudi huko ni taabu kumrudisha kwenye gesi mara ya pili. Kampuni ya umeme ya Kenya nayo imekuwa ikiendesha kampeni ya Pika na Power, inayowafundisha wateja kwa vitendo namna ya kupika vyakula vya kila siku kwa umeme mdogo.

Mimi ni mpangaji na LUKU ni ya nyumba nzima. Ninafaidikaje?

Mpangaji ndiye aliyesahaulika zaidi katika mipango hii. Nyumba ya vyumba sita yenye mita moja haiwezi kubaki chini ya uniti 75, kwa hiyo wapangaji wote, hata yule mwenye balbu moja, hulipa bei ya juu. Tena wenye nyumba wengi hukataza jiko la umeme, kwa kuwa umeme unachangwa kwa kichwa na mmoja akipika wengine hulalamika, au kwa kuwa nyaya za nyumba ni za zamani na hazibebi mzigo. Hoja ya nyaya ni ya kweli na isipuuzwe. Jiko la wati 1,000 lisichomekwe kwenye waya mmoja wa kuunganisha pamoja na pasi na runinga.

Njia zilizopo ni mita ndogo ya ndani kwa kila chumba, ambayo fundi umeme mwenye leseni huifunga na ambayo humwonyesha kila mpangaji alichotumia, au kuzungumza na mwenye nyumba ili aombe mita nyingine TANESCO, shirika la umeme. Mpangaji mwenye jiko la presha anaweza pia kumwonyesha mwenye nyumba usomaji wa mita kabla na baada ya kupika chungu kimoja. Nimeona mazungumzo ya namna hiyo yakibadilisha msimamo wa mwenye nyumba ambaye maneno matupu hayakumgusa. Kwa asiyeweza lolote kati ya hayo, gesi ndiyo inayomfaa, kwani mtungi anahama nao.

Jiko banifu linahesabika kuwa nishati safi?

Kwa maana kali, hapana. Jiko banifu bado huwaka kuni au mkaa na bado hutoa moshi. Linachofanya ni kupunguza upotevu: mafiga matatu hupeleka kwenye chungu kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya joto la kuni, wakati jiko banifu zuri hufika asilimia 30 au zaidi. Kaya inayotumia nusu ya kuni za zamani imepata nafuu halisi, na kwa kijiji kisicho na wakala wa gesi hiyo ni hatua ya maana. Ila lisiuzwe kwa mama kama kinga ya mapafu. Liwekwe penye uwazi, na watoto wakae mbali nalo.

Mkaa mbadala, ukiwemo ule wa Rafiki Briquettes unaotengenezwa na STAMICO, shirika la madini la taifa, kutokana na makaa ya mawe, huokoa miti lakini nao huungua kwa moto wa wazi. Mkaa wa aina yoyote usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, nayo huua watu waliolala wakiota moto wakati wa baridi.

Je, mkaa umepigwa marufuku?

Kwa kaya, hapana. Agizo la Serikali linazihusu taasisi: zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa kufikia Januari 2024, na zinazolisha zaidi ya 300 kufikia Januari 2025. Shule nyingi za bweni zimehitaji muda zaidi, kwa kuwa jiko la shule linahitaji kujengwa upya na si kubadilishiwa mtungi. Mwanzoni mwa mwaka 2006 nchi ilijaribu kuzuia mkaa kwa ujumla, na katazo hilo likaondolewa baada ya muda mfupi kwa sababu miji haikuwa na kitu kingine cha kupikia.

Mama lishe na wauza chipsi nao hawajakatazwa, ingawa wao hutumia mkaa mwingi kuliko nyumba ya kawaida na kwa hiyo ndio ambao hesabu ya kilo 25 huwapa faida haraka zaidi.

Gesi si hatari? Nimesikia habari za milipuko.

Hatari ipo, na huzuilika. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia sakafuni badala ya kupaa. Mtungi ukae wima, mahali penye hewa, mbali na moto mwingine. Baada ya kufunga kichomeo au mpira, paka povu la sabuni kwenye maungio: viputo vikitokea, kuna uvujaji, wala usijaribu kupima kwa njiti ya kiberiti. Ukisikia harufu kali ya gesi, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, toa watu nje. Mpira uliopasuka au kukakamaa hautengenezwi kwa gundi, hubadilishwa.

Nimeuziwa mtungi uliopungua. Nilalamike wapi?

Anza palepale dukani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, karibu na shingo au kwenye mkono. Uongeze kilo 6, na jumla hiyo ndiyo mzani unapaswa kusoma. Muuzaji wa gesi anatakiwa kuwa na mzani na kukupimia unapoomba, na lakiri ya kampuni iwe haijaguswa. Asiye na mzani, au anayekasirika ukiuulizia, muache na uende kwa mwingine.

Akikataa kurekebisha, chukua risiti, piga picha ya mtungi na ya usomaji wa mzani, kisha peleka malalamiko kwa Wakala wa Vipimo kuhusu uzito, au EWURA kuhusu mwenendo wa muuzaji. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kumsemea mtumiaji na kumsaidia kuandika lalamiko lake vizuri. Ikiwa mtungi ulikuwa wa ruzuku, mpe nakala mtendaji wa kijiji au mtaa aliyesimamia mauzo, ili kasoro hiyo ifike REA pamoja na jina la wilaya na tarehe ya mauzo.